Natangaza Kazi Yangu, Sitangazi Harusi Yako



Kila nikija Unguja kwa Sikukuu, shoga zangu huniuliza swali moja. "Ati wewe ni DJ, mbona hatukuoni?" Wanafungua simu zao na kunionesha maDJ wengine: taa za rangi, moshi, umati wa watu mikono juu. Kisha wanafungua ukurasa wangu mimi. Spika mbili zilizofunikwa kanga. Meza. Dufu. Mkono mmoja wenye hina ukigusa miksa. Uso wangu haumo, bi harusi hayumo, hata mlango wa nyumba yangu haumo.

Leo nataka kuwaeleza kwa nini niko hivyo, hasa nyinyi mnaofanya biashara mkiwa majumbani, na nyinyi maharusi mnaotafuta mtu wa kuwapigia muziki. Sikuanza hivi. Nilifika hapa kwa kukosea, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Mimi niliolewa Kahama. Kwa ambaye hajafika, ni boti mpaka Dar es Salaam, halafu basi la alfajiri: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, mpaka kiuno kife ganzi. Tunakaa kata ya Nyasubi, mjini. Mji wenyewe ni wa mpunga na dhahabu. Mgodi wa Buzwagi ulikuwa jirani yetu kabisa hadi uzalishaji uliposimama mwaka 2021. Bulyanhulu, kule Kakola, bado wanachimba, na ukiendelea mbele unafika Geita. Watu wamekuja kutoka kila pembe ya nchi, na pesa imekuja nao, na palipo na pesa hapakosi harusi. Mume wangu anafanya kazi ya zamu mgodini. Akiondoka, nabaki na watoto siku kadhaa.

Biashara yangu ilizaliwa kwenye kitchen party ya jirani. DJ alikuwa kijana wa kiume, basi wanawake wakafunga shuka kati yake na sisi ili tuwe huru. Lakini kijana wa watu atajuaje lini abadilishe wimbo? Kila baada ya dakika mbili anachungulia. Akichungulia, ukumbi mzima unarukia mitandio. Tulicheka sana, lakini hakuna aliyecheza kwa raha usiku ule. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu: hapa pana kazi ya mwanamke.

Nilianza na spika mbili za mtumba, miksa ndogo, laptopu na jenereta ya kuazima. Vyombo vinalala chumba cha nyuma. Siku ya shughuli mimi na msaidizi wangu, binti wa jirani, tunavipakia kwenye bajaji na kwenda kwa mwenye harusi.

Najua suala la muziki lina maneno. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ala, na mimi si mwanazuoni. Dufu kwenye harusi wengi wao wameliruhusu, na zipo familia ambazo hazitaki zaidi ya dufu na kaswida. Wengine wanataka taarabu. Nauliza mapema, nafuata neno la wenye shughuli, na kwa upande wangu nyimbo za matusi sipigi. Leo nazungumzia kitu kingine: namna ya kutangaza.

Tangazo langu la kwanza nililitengeneza kwa simu usiku mmoja, nikajiona mjanja. Niliweka jina langu kamili, picha yangu nikiwa na mtandio wa dhahabu, na namba ile ile anayonipigia mama yangu. Chini nikaandika: Nyasubi, geti la bluu, mkabala na mashine ya kukoboa mpunga. Na kila siku ya kazi nikaweka stetasi: "Leo tupo Mhongolo mpaka saa sita usiku, karibuni."

Hebu lisome tena tangazo hilo kwa macho ya mwizi. Linamwambia nyumba ipi ina vyombo vya pesa nyingi, geti lake lina rangi gani, na usiku gani hakuna mtu.

Simu zikaanza. Nyingi zilikuwa za heri. Nyingine zilikuja saa tano za usiku, wanaume nisiowajua, mmoja ananiambia sauti yangu peke yake ni muziki tosha. Mwingine alitaka nikapige shughuli Kakola. Akasema ni ya wanawake watupu, na atalipa mara mbili ya bei yangu. Nikamwambia sawa, nipe mama wa bi harusi nizungumze naye. Akasema yupo bafuni. Nikapiga baada ya saa nzima, mama bado yupo bafuni. Sikwenda.

Kisha wakaja mlangoni. Mume wangu yupo zamu, mimi na watoto tumeshalala, watu wawili wakagonga geti wakisema wanataka kuziona spika, tangazo limewaelekeza hapa. Pengine walikuwa wateja wa kweli. Sikufungua, na usiku ule sikulala. Nilikaa na tasbihi yangu nikiwaza kwamba watu wale hawakunipeleleza. Mimi ndiye niliyewaelekeza.

Hilo liliniogopesha, lakini lilinihusu mimi. Lililonibadilisha lilimhusu mtoto wa watu.

Ilikuwa usiku wa hina, nyumbani kwao bi harusi. Chumba kimejaa wanawake, mlango umefungwa, mabuibui yametundikwa kwenye misumari. Bi harusi kavaa gauni la mikono mifupi, nywele zimesukwa, anacheza na mama yake. Nikachukua video ya sekunde kumi na tano. Simu niliielekeza kwenye spika zangu tu, nitangaze vyombo vyangu. Nyuma ya spika kulikuwa na kabati la nguo lenye kioo. Ndani ya kioo alikuwamo bi harusi, kichwa wazi, mabega wazi, anacheka.

Niliiweka kwenye stetasi saa tatu usiku. Saa tatu na dakika arobaini wifi yangu akanipigia: "Iondoe hiyo. Kwenye kioo anaonekana mtu." Niliiondoa hapo hapo, lakini dakika arobaini zilitosha. Mtu alikuwa ameshaihifadhi. Asubuhi ilikuwa kwenye kundi la ukoo wa bwana harusi, wajomba na mabinamu wote wakaiona.

Ndoa haikuvunjika, alhamdulillah. Lakini yule binti alilia siku ambayo hakupaswa kulia kwa sababu ile, na bwana harusi aliingia kwenye nikaha yake amefura. Kungekuwa na neno moja zaidi upande wowote, sijui leo ningekuwa nawaandikia nini.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mama yake nikiwa na pesa yao yote kwenye bahasha. Alinikaribisha, akanipa chai. Bahasha akanirudishia. "Pesa uliifanyia kazi, mwanangu. Sisi tulikufungulia mlango. Hicho hakirudishwi kwa bahasha."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, bodaboda zinanipigia honi nami sizisikii. Aya ya 27 ya Suratun Nur, tuliyoisoma tangu chuoni, inatufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe. Mimi niliomba ruhusa ya kuingia mimi. Sikuomba ruhusa ya kuingiza mji mzima kupitia simu yangu. Na sote tunajua alivyotufundisha Mtume wetu (s.a.w.) kuhusu kumsitiri Muislamu, na malipo yake mbele ya Allah.

Kwa wiki mbili nilisimamisha kazi. Nikajiuliza, hivi mimi nauza nini hasa? Spika kila mtu anazo. Nyimbo zimo kwenye simu ya kila mtoto. Ninachouza ni kwamba nikiwa mimi ndani, mwanamke anavua buibui lake akacheza na dada zake bila kugeuka kuangalia nyuma. Ninauza sitara. Sasa nitatangazaje sitara kwa kuionesha kila mtu ilivyovuliwa?

Hapo nikamkumbuka Siti binti Saad wetu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri zile zikaingia majumbani mwa watu kote Afrika Mashariki. Wengi waliompenda hawakuwahi kumwona. Nikasema, ikiwa mwimbaji sauti yake ilimtangulia kila alikokwenda, mimi DJ sauti inanishindaje? Tangu hapo tangazo langu kubwa ni la kusikiliza: dakika moja ya kaswida, dakika moja ya dufu, dakika moja ya taarabu za zamani, nimezichanganya vizuri. Narekodi nyumbani, mchana, peke yangu. Sirekodi kwenye shughuli, kwa sababu nyuma ya muziki watu wanaitana majina, wanatajana, na vigelegele vina wenyewe.

Mengine niliyobadilisha nawaeleza kama yalivyo, aliye na biashara yake achukue linalomfaa.

Kwanza namba na jina. Nilinunua laini ya pili, ya kazi tu. Saa mbili usiku naizima. Nikasajili jina la biashara BRELA na kuchukua Lipa Namba kwa jina hilo. Kumbukeni kwamba mtu akikutumia pesa kwa simu, jina lako la usajili linamtokea. Ukiwapa wateja namba yako binafsi walipie, umewapa na jina la baba yako.

Pili nyumba. Kazi yangu ni ya kutembea: mteja haji kwangu, mimi ndiye ninayekwenda kwake. Sasa anwani yangu ya nini kwenye tangazo? Linasema Kahama, basi. Anayetaka tuonane kabla, tunakutana mchana kwa mshonaji mmoja wa kike mjini, na siku hiyo namlipa mshonaji soda na shukrani. Nyinyi nimewatajia Nyasubi kwa sababu kata ni kubwa, na lile geti la bluu tumeshalipaka rangi nyingine.

Tatu wakati. Siandiki tena nitakuwa wapi leo. Nikitaka kusema jambo kuhusu shughuli, nasema siku kadhaa baada ya kupita, bila kutaja mtaa wala ukumbi. Na kwenye simu nimezima kamera isihifadhi mahali picha ilipopigwa, maana simu nyingi huandika hilo ndani ya picha bila sisi kuona. Kabla ya kuweka picha yoyote naiangalia pembe kwa pembe: kioo, dirisha, namba ya bajaji, sare ya skuli ya mtoto, jina la bi harusi kwenye keki. Ujumbe wa shukrani wa mteja nikiutumia, naomba ruhusa kwanza, kisha naunakili maneno tu. Sipigi picha ya skrini na kuchorachora juu ya jina, kwa sababu mchoro mwepesi mtu anaweza kusoma kilicho chini yake.

Nne kupokea kazi. Mwanamume anaweza kupiga simu kwa niaba ya familia, hakuna ubaya, lakini kabla sijaandika tarehe lazima nizungumze na mwanamke wa nyumba ile na nipokee malipo ya awali. Siendi popote peke yangu, na mume wangu au mavyaa anajua nilipo na saa ya kurudi. Mama aliye bafuni siku zote, mwacheni huko huko.

Tano daftari. Hili sikuwahi kulifikiria mpaka nilipoogopa kwa ajili ya nyumba yangu. Mimi pia nina taarifa za watu: majina ya maharusi, namba zao, nyumba zao, na tarehe ambayo nyumba nzima itakuwa ukumbini. Daftari langu likianguka kwenye bajaji, nimewaweka wazi watu ishirini. Sasa naandika jina la kwanza na namba tu, daftari linakaa ndani ya sanduku, na shughuli ikipita wiki mbili naichana karasa ile na kuichoma.

Na hili si adabu tu, ni sheria ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Kwa lugha yetu ya jikoni: picha ya mtu, namba yake na anwani yake ni zake. Alizokupa kwa ajili ya kazi moja usizipeleke kwenye kazi nyingine bila ridhaa yake, na ridhaa aliyokupa leo anaweza kuiondoa kesho. Wafanyabiashara wadogo tusijione hatumo.

Kuhusu ridhaa kuna jambo nimelijifunza kwa gharama. Mteja mmoja, mwenye uwezo, alitaka kitchen party yake irushwe moja kwa moja mtandaoni, nami nitangaze jina langu humo. Bi harusi mwenyewe amekubali. Nikamuuliza, na wageni? Shangazi yako atakayekuja amevaa dera na kichwa wazi, amekubali? Nikamwambia basi iandikwe kwenye kadi ya mwaliko, na saa ya kurusha itangazwe ukumbini ili anayetaka kujistiri ajistiri. Akaona namtia mkosi. Akatafuta mwingine. Pesa ile niliihesabu kichwani wiki nzima.

Sitawadanganya, miezi minne ya mwanzo kazi zilipungua. Mume wangu alinitania: "Biashara gani hii ya kujificha?" Nilikaribia kurudisha video. Badala yake nikachapisha kadi ndogo, jina la biashara na namba ya kazi tu, nikazipeleka kwa wanawake wanaoingia kwenye nyumba za maharusi kabla yangu: makungwi, wapaka hina, wapambaji, washonaji, wapishi wa biriani, na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Na kwenye kila shughuli nikaanza desturi mbili. Nikifika, kabla sijachomeka waya wowote, natoa kanga kwenye mkoba na kufunika vioo vya chumba. Kisha naweka kapu la ukindu mlangoni, nililotoka nalo Unguja, na mama wa bi harusi anawaomba wageni waweke simu zao humo mpaka mwisho. Ya kwangu inatangulia, kila mtu anaiona ikiingia.

Mwanzoni walininung'unikia. Kisha kungwi mmoja akaanza kunitaja kwenye nyumba anazofunda: "Mchukueni yule DJ anayefunika vioo." Hakujua kisa cha kioo. Mimi nilipoambiwa nilikaa jikoni nikalia. Tangazo ambalo linanilisha hadi leo limetoka kwenye aibu yangu, na sikulipia hata shilingi moja.

Kwako bi harusi mtarajiwa, nakuomba jambo dogo. Ukikutana na DJ, mpiga picha au mpambaji, akakuonesha kazi zake kwenye simu, usitazame urembo peke yake. Tazama nyuso za wanawake waliomo. Muulize kama wenyewe wanajua kwamba unawatazama. Muulize simu yake itakuwa wapi usiku wako, picha zitakaa wapi baadaye, na nani atazifuta. Akikujibu kwa furaha, mchukue. Akikuona msumbufu, umeshajua na yako itaoneshwa kwa nani.

Nawe dada mwenye biashara ya nyumbani, usiogope kutangaza. Rizki hutafutwa, haiji kwa kukaa kimya. Weka mbele kazi yako, sauti yako, mikono yako, bei yako, ahadi yako. Mlango wako, watoto wako na saa unazokuwa haupo ni vyako, na vya mteja wako ni vyake.

Yule bi harusi wa kioo sasa ana mtoto. Tunakutana sokoni mara moja moja. Ananiitikia salamu, anapita. Hatujawa mashoga, wala sitegemei. Kila nikimwona namuombea dua kimoyomoyo, kisha naendelea na njia yangu.

Allah atusitiri sisi na tunaoingia majumbani mwao, na azibariki ndoa zenu. Aamin. Maassalaam.